Tusitumwe kipofu mu otomati ya usini

Mu usini nyingi za Kolwezi, Likasi, Fungurume na Lubumbashi, pompi haiwashwi tena na mukono wa mutu. Mukono unagusa ekrani, ekrani inaambia otomati, na otomati njo inaamuru: pompi izunguke, vane ifunguke, mukaba wa mawe usimame. Kale kasanduku kadogo ndani ya kabati ya umeme njo shefu wa kweli wa posti. Anatumika usiku na muchana, haombi konje, hajui sendika. Lakini siku anagonjwa, nani anaitwa kumuponyesha? Ni fundi wetu.

Sisi wa sendika tunasema mbele ya wasomaji wote: mafundi wetu wanatumwa kuingia mu otomati wasizozijua, kupitia rezo ambayo hawakupewa plan yake, bila kopi ya programu, bila amri iliyoandikwa. Wakifaulu, hakuna anayewashukuru. Wakikosa, wanaandikiwa kosa nzito, ile Code du travail inaita faute lourde, na wanatoka ku kazi bila préavis. Hii namna ya kutumika inapashwa kuisha.

Akili ya masini ilihama

Kwa ndugu wasomaji wasiotumika mu usini, tueleze kidogo. Zamani masini iliongozwa na rele, visanduku vya umeme vinavyofunga na kufungua njia ya umeme. Usini moja ilihitaji rele mamia na waya nyingi sawa nywele za kichwa. Wakubwa wakitaka kubadilisha kazi ya masini, mafundi walikata waya na kufunga upya. Mu mwisho wa miaka ya 1960, kule Marekani, Dick Morley na wenzake walitengeneza otomati waliyoiita Modicon 084, na General Motors, sosiete ya magari, ilikuwa kati ya wa kwanza kuihitaji. Tangu pale, kubadilisha kazi ya masini ni kubadilisha programu, si waya tena.

Ni maendeleo, hatukatai. Lakini tuangalie kitu kimoja. Wakati wa rele, fundi alifungua kabati, akatandika plan ya karatasi, akafuata waya kwa kidole: unatoka hapa, unaingia pale. Akili ya masini ilikuwa mbele ya macho yake. Leo akili ile imetoka mu waya, imeingia mu memwari. Ukifungua kabati, unaona paka taa ndogo zinazowaka. Mwenye kuwa na programu anasoma. Asiye nayo anabaki kuangalia taa.

Programu imepanda ndege

Usini zetu nyingi zinajengwa na kampuni za mbali. Wanaleta otomati zao: Siemens, Allen-Bradley, Schneider na zingine. Siku wanamaliza, enjenyere anafunga ordinatere yake, anapanda ndege ku Luano. Ndani ya ile ordinatere njo kuna programu nzima, pamoja na jina la kila pompi na maelezo ya kila mustari. Ku usini kunabaki tu kile kilicho ndani ya otomati.

Na wengi hawajui ya kama hicho hakitoshi. Mu otomati nyingi za miaka iliyopita, mufano Siemens S7-300, majina na maelezo hayakai ndani ya otomati. Ukivuta programu kutoka ndani yake, inakuja uchi: M12.3, DB40, I4.1. Hii M12.3 ni nini? Ni usalama wa pompi ya asidi, ao ni taa tu ya ekrani? Hakuna anayekuambia. Fundi anapashwa kubahatisha, na juu ya asidi hakuna mutu anayepashwa kubahatisha.

Mara ingine maelezo yanapatikana, lakini kwa Kichina, ao kwa Kiingereza cha kukatakata. Hatusemi ubaya wa Wachina wala wa taifa lolote; kila mutu anaandika kwa luga yake. Lakini Katiba yetu ya 2006 inasema Kifaransa njo luga rasmi ya inchi, na Kiswahili ni moja ya luga 4 za taifa. Fundi wa Kolwezi hapashwi kuanza kujifunza Kichina usiku wa pane ili ajue ni vane gani ya kufunga.

Kuna tena jambo la batri. Otomati zingine za zamani, sawa SLC 500 ya Allen-Bradley, zinalinda memwari yao na batri ndogo. Ile batri ikikufa, na SNEL ikikata umeme, programu inaweza kupotea yote. Na hapa kwetu nani hajui namna SNEL inakata? Bei ya ile batri si kitu mbele ya saa moja ya usini iliyosimama. Lakini kama hakuna aliyeandika siku ya kuibadilisha, na kama kopi ya programu iko inchi ingine, basi usini ya mamilioni ya dola inaninginia ku batri moja.

Neno moja linaloweza kusimamisha usini

Tuseme sasa fundi ameunganisha ordinatere yake. Mbele yake ku ekrani kuna maneno mawili ya Kiingereza: upload na download. Kila kijana anajua download ya telefone: ni kuvuta wimbo ao picha ije kwako. Ku otomati, fundi anaiona kinyume. Pale, download ni kutuma programu kutoka mu ordinatere yako iingie mu otomati na kufuta ile iliyokuwa ndani. Upload njo kuvuta. Kifaransa nacho hakisaidii, maana télécharger inaweza kusema njia zote mbili. Fundi ambaye hakufundishwa anafikiri anachukua kopi, kumbe anafuta.

Na mara nyingi otomati inasimama kwanza ili ipokee programu mupya. Otomati ikisimama, mukaba unasimama na mawe juu yake. Mu matanki ya kuyeyusha shaba, vichanganyio vinasimama, muchanga unashuka chini, unakaa sawa beto. Mu tanki kubwa la kutenganisha matope na maji, mikono ya kukorogea inaweza kuzikwa, na kuitoa ni kazi ya siku nyingi. Vane moja inajifunga, ingine inajifungua, kulingana na vile ilinunuliwa. Mutu asiyejua hayo hapashwi kupewa ile kitufe.

Rezo nayo ina mitego yake. Kila kitu ku rezo kina adresi, sawa namba ya parsele mu avenue. Fundi akipatia ordinatere yake adresi ambayo tayari ni ya ekrani ya mutu mwingine, parsele mbili zinakuwa na namba moja: barua zinapotea, ekrani inakauka, operatere haoni tena masini yake. Kuna tena programu za kutafuta adresi zinazogonga kila mulango wa rezo kwa nguvu. Zinajulikana kwa kuangusha otomati za zamani, ambazo hazikutengenezwa kwa kugongwa vile.

Kibaya zaidi, otomati haiulizi wewe ni nani. Modbus, luga ambayo otomati nyingi zinasemeshana, ilitoka mwaka 1979, na haikuwekewa neno la siri. Inatii kila anayeisemesha vizuri. Kupitia rezo unaweza kufikiri uko unaongea na pompi 3, kumbe uko mu pompi 7, ambako mwenzako ameingiza mikono yake ndani.

Yaliyotokea mu usini moja

Mu usini moja ambayo hatutaitaja, mukaba ulisimama usiku. Fundi wa otomati alikuwa mutu wa sutretansi, na kontra yake ilikuwa imeisha. Fundi wa umeme wa posti, mutu wa miaka mingi ku kazi, aliitwa. Shefu wa posti akamuambia: “Weye ingia mule mu rezo, rudisha ile mukaba, bakubwa banangoja tani zabo.” Kwa kinywa tu. Fundi akaingia na adresi ambayo ilikuwa na mwenyewe. Ekrani ya sehemu ingine ikakufa, na sehemu ile nayo ikasimama mupaka asubui. Siku tatu nyuma, akapewa barua ya kosa nzito.

Tulipokwenda kumutetea, tuliuliza maulizo matatu tu. Plan ya rezo iko wapi? Kopi ya programu iko wapi? Nani alitia sinyatire ku amri ya kuingia? Ku yote matatu, wakubwa waliangaliana. Ndugu yetu alirudishwa ku kazi, lakini mushahara wa miezi miwili haukurudi. Yale maulizo matatu, tunaomba kila delege ayaandike mu kaye yake. Yanafaa mahali pote.

Namna ya kuingia bila kuumiza mutu

Watu wanasema sendika inajua paka kulalamika. Basi tuseme vile kazi inapashwa kufanywa. Mafundi wetu wazuri wanafanya hivi, hata kama hakuna aliyewaandikia.

Kwanza ni macho, kabla ya kable. Fungua kabati, soma kibao cha otomati: ni ya nani, namba yake, mwaka wake. Angalia kifungo kiko wapi, taa ipi inawaka, kama taa ya batri inalia. Piga picha. Uliza operatere masini ilikuwa inafanya nini mbele isimame. Pane nyingi haziko mu programu hata kidogo: ni kapteri iliyojaa matope, ni waya uliokatwa, ni arrêt d'urgence ambayo mutu aliifinya akasahau. Fundi anayekimbilia ordinatere anaweza kutafuta usiku kucha kitu ambacho kitambaa kingemaliza.

Pili, adresi isomwe, isibahatishwe. Iko ku ekrani, ku plan, ku karatasi iliyobandikwa. Ordinatere ichukue adresi ambayo plan inasema iko bure. Kama hakuna plan, fundi aunganishe kable mbele ya otomati yenyewe, na usini nzima ibaki kando. Na ahakikishe ni yenyewe: programu nyingi zinaweza kuwasha na kuzimisha taa ya otomati ili mutu aione kwa macho yake.

Tatu, kuvuta kabla ya kutuma. Kopi ya kile kilicho ndani itoke kwanza, iwekwe mahali pawili, tarehe iandikwe. Ile siku ya kwanza, kazi ni kusoma tu. Na fundi aangalie kama kuna kapteri iliyolazimishwa, yaani mutu aliambia otomati “mulango umefungwa” wakati mulango uko wazi. Hiyo inaachwa mara nyingi na watu wa mbele, na inaua.

Ine, kama kuna kubadilisha, umeme ufungwe na kadena, na kila anayetumika ku masini awe na kadena yake na ufunguo wake mu mufuko wake. STOP ya ordinatere haiko kadena. Mutu mwingine, mu biro ingine ao inchi ingine, anaweza kuondoa ile STOP bila kujua uko ndani. Tena mutu mumoja abaki mbele ya masini na redio ya mukono, mwingine mbele ya ordinatere. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jibu la wakubwa

Wakubwa wanatuambia: tukitoa programu na maneno ya siri kwa mafundi wote, kesho mutu ataharibu, ao adui ataingia. Ile hofu haiko bure. Mwaka 2010 dunia ilijua Stuxnet, programu mubaya iliyoingia mu otomati za Siemens kule Natanz, Iran. Iliharibu masini za kuzungusha, na wakati ule ule ekrani ziliendelea kuonyesha ya kama mambo iko muzuri. Na moja ya njia zake ilikuwa kile kijiti cha USB ambacho kila mutu anatembeza mu mufuko. Mwaka 2017, kule Saudi Arabia, ingine inayoitwa Triton iligusa hata otomati za usalama, zile kazi yao ni kusimamisha usini mbele mambo iharibike.

Kwa hiyo hatuombi milango yote iachwe wazi. Tunakubali maneno ya siri. Tunakubali rezo ya usini itengwe na intaneti ya biro. Tunakubali vijiti vya USB vya wageni vikatazwe. Lakini tuambieni: ni nani anaingia leo bila kuulizwa? Si fundi wa Kolwezi. Ni ordinatere ya mutu wa sutretansi ambayo hakuna anayeichunguza. Ni ile modemu ndogo yenye karta ya SIM iliyofichwa mu kabati, ili kampuni iliyojenga iweze kuangalia otomati kutoka mbali bila kuambia operatere. Neno la siri linalomufungia nje anayelinda masini, na kumuacha ndani asiyekuwa hapa, halilindi usini. Linalinda kontra ya mutu.

Na pale njo kuna makuta. Kama fundi wa hapa hawezi kuingia, kila pane inaita enjenyere wa kutoka inje: tikiti ya ndege, hoteli, feza ya kila siku. Sheria ya sutretansi ya mwaka 2017 ilitaka kazi kama hizi zifikie Wakongomani. Lakini sheria haina nguvu kama programu imefungwa na neno la siri ambalo Mukongomani hapewi. Kampuni itakuwa ya mwana-inchi ku karatasi, na ufunguo utabaki mbali.

Tuseme ukweli pia kwetu wenyewe. Kuna ndugu mafundi wanaoficha programu ku ordinatere yao, hawaandiki kitu, ili wakubwa wawahitaji kila siku. Tunaelewa hofu ya kupoteza kazi. Lakini yule anayeficha, siku moja atakuwa ku konje, na mudogo wake wa posti ya usiku njo ataingia kipofu. Kazi inalindwa na kontra na umoja wetu, haiwezi kulindwa kwa kumuficha mwenzako njia.

Kile tunachoomba

Code du travail ya 2002 inamupasha mwajiri kulinda afya na usalama wa watumikaji. Komite ya usalama ku kazi haikuumbwa paka kwa kuhesabu kofia na viatu. Otomati nayo iingie ku meza yake. Tunaomba mambo matano.

1. Kila usini iwe na kopi kamili ya programu ya kila otomati, pamoja na majina na maelezo, kwa Kifaransa. Kopi moja ikae ku usini, ingine mahali pengine. Na hakuna kampuni inayolipwa feza ya mwisho mbele ya kuitoa.

2. Plan ya rezo, na adresi zote, ibandikwe mu biro ya mafundi, na irekebishwe kila kitu kinapobadilishwa. Maneno ya siri yawekwe mu barua iliyofungwa, kwa shefu wa posti, na kila anayeifungua aandike jina, saa na sababu.

3. Hakuna mutu anaingia mu otomati bila karatasi iliyotiwa sinyatire na aliyeamuru. Amri ya kinywa isiwe amri. Na fundi anayeomba karatasi asihesabiwe kuwa anakataa kazi.

4. Hakuna mutu anaingia kutoka mbali bila operatere wa hapa kujua na kukubali, na njia ile ifungwe kila mara kazi inapoisha. Mbele ya kila masini inayoweza kuwashwa kutoka mbali, kibao cha Kiswahili kiseme hivyo kwa herufi kubwa.

5. Mafundi wa hapa wafundishwe ku otomati zile zile zinazotumika mu usini yao, saa za kazi, kwa garama ya sosiete, na otomati moja ya kujifunzia juu ya meza. Kujifunzia ku masini inayozunguka, na watu pembeni, si masomo.

Hakuna hata moja kati ya haya inayohitaji mamilioni. Usini inayonunua makamyoni makubwa haiwezi kutuambia imekosa feza ya kopi mbili na karatasi ya sinyatire.

Ndugu delege, mu mukutano unaokuja wa komite, mupeleke haya matano na yale maulizo matatu, na jibu liandikwe mu procès-verbal. Ndugu mafundi, leo usiku mukitumwa kuingia mu otomati musiyoijua, muombe karatasi, muvute kopi kwanza, na mufunge kadena. Wakikasirika, mutuitie. Tutakuja hata usiku.